Siku Moja ya Kufukua Mitumba: Mtwara Hadi Masasi na Kurudi

Mtumba mzuri wa kusini hauishii Mtwara mjini. Belo, yaani robota la nguo lililofungwa kamba, likishushwa kwenye basi la kutoka Dar es Salaam, mara nyingi halifunguliwi pale pale. Linapakiwa tena kwenye kosta au Noah, linaenda Masasi, Ndanda, Nyangao au Mtama, na huko ndiko linakokatwa kamba. Ukibaki sokoni mjini unasubiri kilichochaguliwa na wengine. Ukifuata belo lilikofunguliwa, unachagua mwenyewe.

Kuna jambo moja naliamini kuliko mengine yote katika kazi hii: kwenye miji midogo bei ya nguo inapangwa na mahitaji ya watu wa pale, si jina lililoshonwa kolani. Jinzi ya kiume iliyonyooka, gauni refu la mikono na nguo za watoto huko haziwi rahisi hata kidogo, kwa sababu kila mtu anazitaka. Lakini shati la kitani linalokunjika ovyo, koti la sufu, shuka pana la pamba nzito, pazia zito, mkoba wa ngozi halisi uliochubuka kidogo pembeni, vyote hivyo hukaa chini ya fungu vikisubiri mtu anayevijua. Safari hii ni kwa ajili ya vitu hivyo. Anayejua kitambaa ndiye anayerudi na mzigo wa maana.

Kwanza, siku na msimu

Jumamosi ndiyo siku nzuri. Ijumaa meza nyingi hufunikwa turubai kuanzia saa sita kwa ajili ya swala, na mkifika saa saba mtakuta soko limetulia. Jumapili upande wa Masasi na Ndanda wauzaji wengi wanaanzia kanisani, kwa hiyo asubuhi, ambayo ndiyo saa ya dhahabu, inakupiteni. Siku za gulio zinatofautiana mji na mji. Muulizeni dereva wa kosta au mama lishe wa stendi, hao wanazijua zote kwa kichwa. Mkiweza kuipata Jumamosi inayoangukia gulio mahali fulani njiani, pangeni safari kuizunguka.

Msimu nao una neno kubwa, kwa sababu kusini pesa inafuata korosho. Kuanzia Oktoba minada ikishaanza na wakulima wakaanza kulipwa, wafanyabiashara wanashuka na mabelo kutoka kila upande. Utakuta chaguo kubwa kuliko wakati wowote wa mwaka, lakini bei imesimama kama ilivyo, muuzaji hana sababu ya kukupunguzia wakati nyuma yako kuna mtu mwenye pesa ya mnada mkononi. Kati ya Juni na Septemba hali inageuka. Pesa ya nyumbani imeenda kwenye kazi ya kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wake wa ukungu, mvua hakuna, barabara ni kavu, na muuzaji anafurahi kuona kundi la wateja. Mzigo ni mdogo, ila mazungumzo ni marefu na mazuri. Mimi ninapenda kipindi hicho. Anayetaka chaguo pana aende Novemba akiwa na pesa ya kutosha.

Likizo za Juni na Desemba ziangalieni pia kwa jicho la pili: ndizo nyakati za jando na unyago, na wali, yaani watoto walioingia jandoni na unyagoni, wakikaribia kutoka, wazazi wananunua nguo mpya na mitumba mizuri ya watoto kwa pamoja. Kama mnawinda nguo za watoto, msiende wiki hizo.

Kundi na usafiri

Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi hapo mnaizingira meza moja mpaka muuzaji anashindwa kuona mikono ya nani inashika nini, na wateja wake wa kila siku wanakosa nafasi. Katika kundi pawe na mtu anayejua kushona au aliyekulia karibu na cherehani, na pawe na mwenye mwili mkubwa na mwenye mwili mdogo. Hii ya miili si mzaha: nguo ikikukataa wewe, kuna mwenzako itakayemkaa, na hakuna jicho linalopotea.

Wekeni sharti mapema nyumbani, kabla hamjapanda gari: aliyeishika nguo kwanza ndiye mwenye haki nayo, na akiiweka chini haki imekwisha. Urafiki umewahi kuingia nyufa kwa sababu ya koti moja.

Mkiwa wachache, kosta na Noah za abiria zinatosha, ila mtapoteza muda stendi mkisubiri gari lijae. Mkifika watano au sita, changeni mkodi gari na dereva kwa siku nzima. Kubalianeni naye mambo matatu kabla ya kuondoka, na muyaseme kwa sauti mbele ya wote: mafuta ni ya nani, miji mtakayosimama ni ipi, na mwisho wa siku ni saa ngapi. Dereva aliyeambiwa "tunazunguka zunguka tu" atakasirika mkiwa Mtama, na ana haki.

Mtakachobeba, na mtakachovaa

Mavazi ya siku hiyo yanafanya nusu ya kazi. Vyumba vya kujaribia hakuna, na hii ni miji ya heshima, huwezi kuvua blauzi barabarani. Dada na mama wavae fulana nyepesi inayobana, taiti ndani, na sketi pana au dera juu. Hapo unaweza kuivaa suruali chini ya sketi na kuipima pale pale kwenye meza bila mtu kukugeukia. Kina kaka, bukta nyepesi ndani ya suruali. Bebeni kanga mbili: watu wawili wakiishika kanga kona ya kibanda, chumba kimeshapatikana, na mchana ile kanga itakuwa mkeka wa kukalia.

Mengine ni haya: tepu ya fundi cherehani, karatasi yenye vipimo vyako vya kifua, kiuno, nyonga, bega na urefu wa ndani wa mguu, kamba iliyokatwa urefu wa unyayo wa kila mtu mnayemnunulia viatu, maji, na mifuko imara ya kitambaa au viroba, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019 na mfuko laini wa sokoni haubebi jinzi nne. Pesa iwe taslimu na iwe ya noti ndogo, elfu moja moja na elfu mbili mbili. Pesa ya simu inapokelewa mahali pengi, ila ina makato, na mkibishana juu ya mia tano halafu mkataka kulipa kwa simu mnakuwa mmeharibu. Nauli na chakula viwekwe mfuko mwingine kabisa.

Anzeni mbali, rudini mkifukua

Watu wengi huanza na mji wa karibu, wanachoka na kuishiwa pesa kabla hawajafika kule kwenye mzigo. Fanyeni kinyume. Tokeni Mtwara saa kumi na moja alfajiri, mpite Mikindani kukiwa bado giza, na msisimame mpaka Masasi. Ni kama kilomita 200 za lami, kupitia Mnazi Mmoja, Mtama, Nyangao na Ndanda. Saa mbili na kitu mko sokoni, wakati mabelo yanafunguliwa. Wenzenu wanaotoka Lindi mjini wanaweza kuwasubiri Mnazi Mmoja pale njia zinapokutana.

Masasi inastahili saa tatu nzima za siku yenu. Ni njia panda ya kweli: barabara za Tunduru, Newala na Nachingwea zinakutana hapo, ile ya Tunduru ndiyo inayoendea pia Mtambaswala mpakani, na tangu Daraja la Umoja la huko lilipofunguliwa mwaka 2010 wafanyabiashara wa upande wa Msumbiji nao wanapita. Kwa hiyo mzigo unaingia na kutoka haraka. Kila belo huwa na aina moja ya nguo: belo la mashati ya kiume, belo la blauzi, belo la mashuka, belo la jinzi. Basi swali la kwanza kwa kila muuzaji ni "leo umefungua belo gani?" Jibu lake litawaokolea nusu saa ya kufukua kitu ambacho hamkukifuata.

Kutoka Masasi geuzeni. Ndanda ni kituo cha pili, na ni kituo kizuri. Misheni ya Wabenediktini na hospitali yake vimeufanya mji huu uwe na watu wanaoingia kila siku kutoka mbali, wengine wakikaa siku kadhaa kuuguza, kwa hiyo mashuka, mablanketi na taulo hazikosekani. Nyangao na Mtama ni vituo vifupi zaidi, meza chache kando ya barabara, nusu saa kila kimoja. Mnazi Mmoja simameni kama bado mna pesa. Mikindani iacheni kwa siku nyingine, ni mji wa kutembea taratibu kwenye majengo ya kale na si wa kukimbizana na jua linalozama.

Mnavyoikaribia meza

Salamu kwanza, na isiwe ya haraka haraka. Mtu akikuzidi umri ni shikamoo, hata kama macho yako yameshaona kitu. Huku kusini muuzaji anayesalimiwa vizuri anakutolea kile alichokificha chini ya meza kwa ajili ya mteja wake.

Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu, karibuni."

"Ahsante. Habari za biashara? Leo umefungua nini?"

"Magauni haya asubuhi hii. Na mashati ya kiume, hayo ni ya juzi."

"Magauni yanaendaje?"

"Ya kutundika elfu sita, ya chini elfu mbili mbili."

"Haya mama, tunachambua kwanza."

Hapo mnachambua kweli, mkikunja tena kila mlichokunjua. Mkishatenga mnachotaka ndipo mnarudi kwake:

"Mama, tumechukua matatu ya kutundika na hili la chini. Tuchanganyie."

"Leteni kumi na nane."

"Tuna kumi na sita mama, na tukitoka hapa tunawaleta wenzetu wako kwa fundi pale."

"Haya leteni, mchukue."

Mmelipa elfu kumi na sita badala ya ishirini, na hakuna aliyeumia. Siri yake ni kwamba mliomba kwa wingi, baada ya kuchagua, na kwa sauti ya kawaida. Kuomba punguzo kwenye nguo moja bora iliyotundikwa asubuhi na mapema ni kumsumbua mtu. Kumbukeni anavyonunua: belo, mara nyingi la kilo 45, analilipia likiwa limefungwa, haoni ndani. Akilikata ndipo anapojua kama amepata au amekula hasara. Nguo za juu zinatakiwa kurudisha mtaji na nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam, na zile za chini ndizo faida yake ya chakula. Kwa hiyo msimnyang'anye bei kwenye zile za juu. Ombeni nyongeza kutoka zile za chini, anatoa kwa moyo mweupe. Na msiseme "si mtumba tu" mbele ya mtu aliyeamka saa kumi kuupanga huo mtumba.

Mkiwa ndio wateja wake wa kwanza asubuhi, nunueni walau kitu kimoja kabla ya kuondoka. Anayemfungulia biashara anakumbukwa siku nzima.

Kukagua nguo

Hapa msiharakishe. Ninajua meza ina watu na mwenzako anaita, lakini nguo nzuri inakaguliwa kwa mikono miwili.

Anza na harufu. Harufu ya belo, ile ya nguo zilizobanwa muda mrefu, inatoka kwa kufua mara moja. Harufu ya ukungu ni nyingine kabisa, na ikija pamoja na vidoa vyeusi vidogo kwenye kitambaa cha rangi, iache hapo hapo. Kisha ingiza mkono ndani ya nguo, uinyooshe kuelekea jua au taa ya simu, ukitembeza mkono polepole. Matundu ya sindano utayaona, na kwenye sufu utaona vitundu vya duara vya nondo. Kimoja chini ya upindo kinazibika. Vitatu kifuani, hapana.

Kwenye shati geuza kola na ncha za mikono uangalie ukingo uliolika, halafu makwapa. Njano ya jasho iliyokomaa makwapani haitoki, hata muuzaji akuapie. Doa la kutu kwenye pamba nyeupe linatoka: ndimu na chumvi, halafu juani.

Zipu ipandishe na kuishusha mara tatu, ukiangalia kutu kwenye meno yake, kwa sababu hewa ya pwani itaimaliza kabisa ile iliyokwisha kuanza. Lastiki ivute karibu na sikio. Ikilia kama majani makavu, imekufa, hesabu na gharama ya fundi kuibadilisha. Kwenye suruali angalia katikati ya mapaja, hapo ndipo jinzi hufa kwanza.

Saizi za lebo zisikutawale, zinatoka nchi tofauti: gauni namba 12 la Uingereza ni kama 8 ya Marekani na 40 ya Ufaransa, na nguo iliyofuliwa kwa mashine miaka mingi imeshapungua. Tumia tepu. Ukiisahau, funga kifungo cha suruali, uzungushe kiuno chake shingoni mwako. Ncha mbili zikikutana nyuma bila kuvutwa, kwa watu wengi itakaa kiunoni. Ni kipimo cha dharura tu.

Halafu jiulize kama fundi anaweza kuiokoa. Kupunguza mbavu, kufupisha, kubana mguu wa suruali, hizo ni kazi za dakika chache na mafundi wapo barazani kila mji. Kuongeza upana inawezekana kama kuna kitambaa cha akiba ndani ya mshono, geuza uone. Mabega ya koti usiyaguse. Koti ambalo bega limeshuka kwenye mkono halirudi juu kwa bei ya kawaida, hata likiwa zuri namna gani.

Kujua kitambaa ni mazoezi ya vidole, ila kuna njia ya uhakika kwa ulichokwisha kukinunua: chomoa uzi mmoja ndani ya mshono uuchome. Pamba na kitani vinanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Sufu na hariri vinanuka nywele. Poliesta inayeyuka na kuganda kijidonge kigumu. Ukifanya hivyo na nguo chache nyumbani, baada ya muda vidole vyenyewe vitakuambia sokoni, na utaanza kuokota kitani ambacho wengine wanakiruka kwa sababu kimekunjamana.

Viatu vina mtego wake. Raba nzuri kwa macho inaweza kuwa imeoza ndani, kwa sababu soli nyingi za povu huharibiwa na unyevu zikikaa miaka bila kuvaliwa. Bonyeza ubavu wa soli kwa kucha ya kidole gumba, kisha ukunje kiatu. Ikiacha tundu, ikimenyeka au ikitoa vumbi, rudisha. Kama ni ngumu na inarudi ilivyokuwa, toa ile kamba yako uipime ndani. Namba 42 ya Ulaya ni kama 8 ya Uingereza.

Nguo za ndani za mitumba msinunue kabisa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limezikataza kwa sababu za afya, na sababu hizo ni za kweli.

Mchana

Kuleni Ndanda au Mtama, na kuleni vizuri, kwa sababu mwenye njaa ananunua vibaya. Wali na samaki mtaupata, na mkikuta ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, kando ya barabara nunueni, haipatikani kirahisi nje ya mikoa hii. Wakati mnakula, tandikeni kanga chini na kila mtu atoe alichonunua. Hapo ndipo mabadilishano hufanyika: blauzi inayokubana inampata mwenzako, yeye anakupa mkanda. Pia mnaona nani ameshanunua mashati manne yanayofanana, aambiwe mapema.

Suruali za kufupishwa tu mpeni fundi wa hapo kabla ya kuagiza chakula. Mkimaliza kula, naye amemaliza.

Mkifika nyumbani

Msichanganye mtumba na nguo za kabatini usiku ule. Uacheni kwenye kiroba mpaka asubuhi. Loweka kwenye maji ya moto na sabuni zile zinazohimili, yaani pamba na kitani. Sufu na hariri ni maji ya baridi na sabuni laini, la sivyo koti lako litamtosha mtoto. Za rangi kali zifue peke yake mara ya kwanza. Anika kwenye jua kali, kisha piga pasi kila kitu pande zote mbili, kwa kiwango cha moto ambacho kitambaa kinaruhusu, na sehemu za mishono zipitie mara mbili. Joto linaua vijidudu vya ngozi, na pia mayai ya inzi wa funza kwa nguo zilizoanikwa nje. Mikoba ifute ndani kwa kitambaa chenye sabuni, iache wazi juani saa chache, halafu ngozi ipakwe mafuta kidogo.

Ndani ya wiki hiyo mpigie simu yule mama wa magauni, maana namba yake mliichukua. Msalimie, mwambie nguo zimekaa vizuri, umtajie saizi yako na unachokitafuta. Belo lijalo akilikata atakutengea, na nguo itakuja kwa kosta ukiwa umekaa Mtwara.